Fundi wa Kondele Ajibu: Simu Imegoma Kurutiwa

Mwezi huu barua nyingi zilikuwa za jambo moja: simu kuukuu, kuruti (kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu), na vitu vinavyokataa kuingia. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu makosa yaliyomo ndiyo yale yale ninayoletewa kibandani wiki baada ya wiki.

Dada Fundi, hujambo na kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ahero. Nina Samsung Galaxy J5 ya mwaka 2015, niliinunua mkononi. Kila siku inalalamika hifadhi imejaa na programu mpya haziingii. Kijana mmoja jirani alinishauri niiruti, nitoe programu za kiwandani, nipate nafasi. Tulianza na programu ya kuruti kwa kubofya mara moja, simu ikaandika "App not installed". Tukaenda kwenye kompyuta tukatumia Odin, programu ya kuandika mafaili ya mfumo kwenye simu za Samsung, ikatoa FAIL nyekundu. Kijana akabadilisha kitu kwenye mipangilio, tukapata PASS ya kijani, lakini rikavari mpya haikuonekana. Tukajaribu faili jingine, PASS tena, na sasa simu imekwama kwenye jina la Samsung. Juu kushoto kuna maandishi madogo mekundu: "RECOVERY IS NOT SEANDROID ENFORCING". Alama za wanafunzi na picha zote zimo humo. Je, nimeipoteza? – Mwalimu, Ahero

Mwalimu, pole sana. Hujaipoteza. Na umenisaidia mno kwa kuninakilia yale maandishi madogo, maana wengi huniandikia tu "simu imekufa", nami nabaki kubahatisha.

Tazama neno la kwanza la maandishi hayo: RECOVERY. Simu inakwambia kwamba wakati huu haijaribu kuwasha mfumo, inajaribu kuingia kwenye rikavari, kile chumba kidogo cha kurekebishia simu, na inakwama mlangoni. Lingekuwa KERNEL, ningejua mmegusa sehemu ya kuwashia mfumo wenyewe. Maneno yanayofuata yasikutishe. Yanasema tu kwamba rikavari hii si ya kiwandani, na hutokea hata kila kitu kikiwa sawa. Shida ni kwamba baada ya maneno hayo hakuna kinachoendelea.

Kwa hiyo kabla ya lolote: toa betri (J5 hiyo betri yake inatoka, ndiyo raha ya simu za zamani), subiri nusu dakika, irudishe, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha peke yake. Usishike cha sauti. Usishike cha katikati. Nimeona simu nyingi "zilizokufa" zikifunguka hapo hapo, kwa sababu mwenyewe alikuwa akiziwasha kwa kushika vitufe vitatu akitafuta rikavari, na kila mara zinaenda kule kule kulikoharibika. Ikifunguka, usifanye kitu kingine chochote mpaka uhamishe alama na picha kwenye kadi ya memori au kompyuta. Siku hiyo hiyo, Mwalimu.

Isipofunguka, bado alama zako ziko. Mliyoandika juu yake ni rikavari, na hiyo ina sehemu yake. Hifadhi yako ni sehemu nyingine kabisa. Ila mtu akikwambia "tuifute yote tuanze upya", mkatalie.

Sasa fungua kifuniko cha nyuma, toa betri, usome kibandiko kilicho chini yake. Kuna mstari unaoanza na SM-J500. Nataka ile herufi ya mwisho. J500H na J500F kwa macho ni simu moja: kioo kile kile, rangi ile ile, hata kava linaingiliana. Lakini H ni ya 3G na F ni ya 4G, na rikavari ya moja haifanyi kazi kwenye nyingine. Odin haijui tofauti hiyo. Kazi yake ni kuandika faili ulilompa mahali ulipomwambia, na akimaliza kuandika anatoa PASS. PASS maana yake "nimeandika", si "itafanya kazi". Nadhani faili la mwisho la yule kijana lilikuwa la herufi nyingine.

Ukishapata TWRP, ile rikavari mbadala isiyo ya kiwandani, ya herufi yako kamili, utaratibu ni huu, na nauandika polepole kwa sababu hatua moja ndogo ndiyo iliyowaangusha mara ya pili. Zima simu. Shika sauti chini, kitufe cha katikati na cha kuwasha kwa pamoja. Likija onyo, bonyeza sauti juu. Funga Kies, programu ya Samsung ya kuunganisha simu, kama imo kwenye kompyuta, maana inang'ang'ania waya na Odin. Chomeka waya na uangalie kisanduku cha ID:COM: kikigeuka samawati, simu imeonekana. Kisipogeuka, shuku waya kwanza. Nyaya nyingi za barabarani zina njia za chaji tu, hazina za data, na mtu anaweza kushinda siku nzima akipakua draiva upya na kosa liko kwenye waya wa bei ya chai. Weka faili kwenye nafasi ya AP. Kisha nenda kwenye chaguo na uondoe tiki kwenye Auto Reboot.

Tiki hiyo ndiyo iliyowafanya mpate PASS ya kwanza bila kuona kitu. Odin ilipomaliza iliiwasha simu yenyewe, mfumo ukaamka, ukakuta rikavari ngeni, ukaandika ya kiwandani juu yake. Mkaja mkatafuta TWRP, haipo. Ukiondoa tiki, simu inabaki pale pale baada ya PASS. Toa betri, irudishe, halafu moja kwa moja shika sauti juu, katikati na kuwasha. Usiiache iingie kwenye mfumo hata mara moja kabla hujaiona TWRP kwa macho yako.

Ukiiona, kabla hujaruti chochote, unganisha waya. TWRP inaweza kuionyesha hifadhi ya ndani kwenye kompyuta hata kama mfumo hauwaki. Ikiwa hukuwahi kuifunga hifadhi kwa usimbaji, utayaona mafolda yako yote. Nakili kila kitu. Halafu ingia Backup uhifadhi ile sehemu iitwayo EFS kwenye kadi ya memori. Ni ndogo, lakini ndimo utambulisho wa simu kwenye mtandao ulimo. Barua inayofuata hii itakuonyesha kwa nini nasisitiza.

Kuhusu FAIL nyekundu ya kwanza: siku hiyo mlisoma kompyuta tu, na kompyuta haikuwa na la kuwaambia. Sababu ilikuwa imeandikwa kwenye simu, kwa herufi ndogo, na nina hakika kiasi kwamba iliandikwa "Custom binary blocked by FRP Lock". Umesema kijana alibadilisha kitu kwenye mipangilio. Bila shaka aliwasha OEM unlock kwenye mipangilio ya wasanidi. Tangu Android 5.1 kuna kufuli ya kuzuia mwizi, inayoshikana na akaunti ya Google, na chaguo hilo likiwa limezimwa Samsung nyingi hukataa faili lolote lisilo la kiwandani. Usilizime tena ukiwa na TWRP ndani, vinginevyo simu itajifunga ukiiwasha.

"App not installed" ilikuwa bahati yako. Programu zile za kubofya mara moja hupenya kwenye ufa uliomo ndani ya mfumo. Mwaka 2014 kulikuwa na moja maarufu, Towelroot, iliyotumia kosa la kiini cha Linux linaloitwa futex, na iliifungua hata Galaxy S5 ya wakati huo. Ufa ukizibwa na masasisho, programu hiyo haina pa kupita tena. Zinazozunguka leo kwenye makundi ya WhatsApp ni nakala za nakala, na nyingi nilizowahi kuzitoa kwenye simu za wateja zilikuwa zimeleta matangazo yasiyofutika. Ujumbe wenyewe kwa kawaida una sababu chache: hifadhi haitoshi kufungulia faili, faili limekatika katikati kwa sababu bando liliisha, au ndani kuna toleo jingine la programu hiyo hiyo lenye saini tofauti, na ni lazima ulitoe kwanza. Ukiona maneno ya "parse", mara nyingi ama faili ni bovu au linataka Android mpya kuliko yako. Linganisha ukubwa wa faili na ule ulioandikwa ulipolipakua. Tofauti hata ndogo inatosha kulitupa.

Sasa nije kwenye shida yako ya mwanzo, Mwalimu, nafasi. Kwa wasiolijua neno lenyewe: kuruti ni kujipa ufunguo wa mwenye ploti. Kwa kawaida wewe ni mpangaji, unapanga vitu chumbani mwako lakini ukuta hubomoi. Kijana alikwambia ukibomoa vyumba vya programu za kiwandani utapata nafasi. Hapo ndipo hakukuambia kweli yote. Programu za kiwandani zinakaa kwenye sehemu ya mfumo, na picha zako zinakaa kwenye sehemu ya mtumiaji. Ni sehemu mbili zenye mipaka. Ukifuta kwenye ya kwanza, ya pili haiongezeki hata kidogo. Unachookoa ni masasisho na data za programu hizo tu, na hayo unaweza kuyatoa bila kuruti: ingia kwenye mipangilio, chagua programu, ondoa masasisho, kisha uizime.

Faida ya kweli ya kuruti kwa simu ya 8GB kama yako ni nyingine. Ukiwa na ruti unaweza kuigawa kadi ya memori sehemu mbili na kutumia programu ya Link2SD kuhamishia programu nyingine kwenye ile sehemu ya pili. Inafanya kazi, nimewafanyia wengi. Ila kadi ikiwa ya bei rahisi, inachakaa, na siku ikifa programu zako zinakwenda nayo. Simu inayobeba alama za watoto mimi nisingeiruti. Ningerudisha mfumo wa kiwandani wa SM-J500 yenye herufi yako, ningehamisha picha zote kwenye kadi, ningefuta video za kikundi cha wazazi na kuzima programu tano au sita. Ukiamua kuiruti hata hivyo, tumia Magisk, programu ya kuruti: unaipakua kama programu ya kawaida, unabadilisha mwisho wa jina lake kutoka apk kuwa zip, na unaipitisha ndani ya TWRP. Inahitaji Android 6.0 na kuendelea. Kama J5 yako bado iko 5.1, isasishe kwanza. Tumia laptopu yenye betri nzuri. Huku kwetu mvua ikianza jioni stima haina ahadi, na simu inayokatikiwa na stima katikati ya kuandikwa ndiyo simu ngumu kuliko zote kuirudisha.

Fundi, mimi ni wa bodaboda, Kaptembwa, Nakuru. Simu yangu ya chipu ya MediaTek iligoma baada ya kuruti, jamaa wa saiba akaiflashi, yaani akaiandikia mfumo upya. Sasa inawaka vizuri kabisa lakini laini hazishiki. Nikipiga *#06# inaandika null. Mwingine ananiambia kwa 500 ataniwekea IMEI (namba ya utambulisho wa simu) nyingine. Nimpe? – Wa bodaboda, Nakuru

Usimpe, ndugu yangu.

Kilichotokea nakijua kwa sababu nimewahi kukifanya mimi mwenyewe. Mwaka 2016 mama mmoja anayeuza omena Kibuye aliniletea simu iliyokwama. Kwenye SP Flash Tool, programu tunayotumia kwa chipu za MediaTek, kuna kisanduku cha kuchagua njia. Njia moja ni Download Only: inaandika mfumo na kuacha mengine. Nyingine ni Format All + Download: inafuta kila kitu kwanza. Nilikuwa na foleni, nikaona ya pili itamaliza haraka. Simu iliwaka safi. Mama akaweka laini, hakuna mtandao. Nilikuwa nimefuta NVRAM, sehemu inayohifadhi IMEI pamoja na vipimo vya redio ya simu ile moja, ambavyo kiwanda kilivipima simu ilipotengenezwa. Hakuna faili la mtandaoni linaloweza kuvirudisha vilivyokuwa. Nilimnunulia mama simu nyingine, na tangu siku hiyo hakuna simu ya MediaTek ninayoiandika kabla sijanakili NVRAM yake. Nasimama nikisoma kile kisanduku kwa sauti kabla sijabofya, hata wateja wakinishangaa.

Muulize jamaa wa saiba kama alihifadhi nakala kabla ya kuflashi. Kama anayo, kurudisha ni kazi ya dakika chache. Kama hana, tafuta boksi la simu. IMEI yako ya asili imeandikwa kwenye kibandiko chake. Nenda nalo, pamoja na risiti, kwenye kituo cha huduma cha waliotengeneza simu. Namba ya kubuniwa au ya simu ya mtu mwingine usikubali iingizwe: kubadilisha IMEI ni kosa la jinai Kenya, na namba hiyo ikiwa ya simu iliyoibwa, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Wakongwe mnakumbuka mwisho wa Septemba 2012, simu bandia zaidi ya milioni moja zilipozimwa nchini kwa sababu ya namba hizi hizi. Watu walibaki na vioo mkononi.

Dada, niko chuoni Kakamega. Nimeruti simu kwa Magisk, ikaingia vizuri, lakini programu ya benki sasa inakataa kufunguka. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Lurambi

Benki inaona mlango wa mwenye ploti uko wazi na haitaki kuweka pesa zako humo. Iko sahihi. Utakutana na watu watakaokupa moduli za kuificha ruti. Leo zinapita, mwezi ujao programu inasasishwa na inakataa tena, tena pengine siku ya kulipa karo. Kama simu ndiyo hiyo moja, fungua Magisk, chagua kuiondoa kabisa, irejeshe hali ya awali. Kwa sasa pesa za simu unaweza kuzitumia kwa menyu ya laini yenyewe, kwani hiyo imo ndani ya laini na haiulizi habari za ruti.

Fundi, nina duka dogo Mbale, Vihiga. Simu yangu ni ya Android 4.4 na WhatsApp imeacha kufanya kazi. Mwanangu anasema tukiiruti itarudi. Tena tangu betri iishe kabisa, hata duka la programu halifunguki. – Mama wa duka

Mama, shikamoo. Nianze na la mwisho kwa sababu ni rahisi: angalia tarehe. Simu kuukuu ikikaa bila betri, saa yake inarudi miaka mingi nyuma. Simu ikidhani iko mwaka 2012, inakagua vyeti vya usalama vya intaneti, inaona ni vya siku ambazo hazijafika, inakataa kuunganisha. Weka tarehe ya leo, duka litafunguka au angalau litakupa kosa jingine tunaloweza kulisoma.

La WhatsApp, mwanao ana nia njema lakini kuruti hakubadilishi toleo. 4.4 ikirutiwa ni 4.4 yenye ufunguo, na WhatsApp haiitumikii tena Android 4.4. Kinachobadilisha toleo ni kuweka mfumo mwingine kabisa, kama LineageOS, mradi ulioanza mwishoni mwa 2016 baada ya mtangulizi wake, CyanogenMod, kufungwa. Simu chache za zamani zina mfumo huo ulioandaliwa kwa ajili yao. Nyingi hazina, na mfumo wa simu nyingine hata ikifanana na yako utaizima.

Mwambie mwanao aingie kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, aninakilie namba ya modeli na namba ya toleo, kila herufi na kila nukta, aniandikie. Nikikuta simu yako imo kati ya zile chache, nitamweleza hatua moja moja. Nisipoikuta, pesa ya kuruti iweke kando, mama, uongezee kidogo kidogo kwenye simu nyingine ya mkononi yenye Android 8 au zaidi. Ukija Kisumu kuchukua bidhaa, pita nayo kibandani kabla hujalipa, niikague IMEI na betri.